Neno Lisilo na Jalada

Mwinchumu Kitwana hakuwa na shahada. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mjomba wizarani, hakuwa na shamba, hakuwa na koti la mvua, na hakuwa na kiti. Alikalia debe la mafuta lililogeuzwa. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, kwa sababu mchana wote wa utoto wake aliumaliza akichunga mbuzi wa watu. Hakuwa na adui hata mmoja, jambo ambalo katika nchi ile lilihesabiwa kuwa ni uvivu. Alichokuwa nacho ni maneno. Aliyapata katika madarasa ya jioni ya watu wazima, miaka kumi na mmoja mfululizo, akikaa dawati moja na rafiki yake Sudi Mbaruku, fundi baiskeli. Wote wawili walitoka pale wakijua tofauti ya kuomba, kusihi, kudai na kubembeleza. Kwa mtaji huo Mwinchumu akafungua meza yake ya kukunja kwenye baraza ya posta, akawa mwandishi wa barua za watu, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna barua yake iliyorudi kwa kutoeleweka.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni nchi nzuri, ina bendera na ina wimbo, na viongozi wake wanawapenda wananchi wao kiasi kwamba hakuna aliyewahi kukubali kuachana nao.

Mkuu wa nchi ile aliitwa Mtukufu Mlezi. Siku moja aliletewa barua ya wakulima wa maharage, kurasa kumi na nne, ambamo neno "hatimaye" lilijitokeza mara tisa. Mtukufu aliisoma mpaka ukurasa wa pili, akavua miwani, akauliza, "Haya maneno wanayatoa wapi?"

Hakuna aliyejua. Wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Maneno, akateuliwa kuiongoza Daktari Ponsiano Kisamfu, bingwa wa magonjwa ya ng'ombe. Daktari Kisamfu akaunda kamati ya watu tisini na tisa. Kila mjumbe alipewa daftari, akaagizwa aandike humo kila neno litakalotoka kinywani mwake akiwa kazini, ili ijulikane ni maneno gani yapo. Wakakaa hotelini kando ya ziwa miaka saba. Walipomaliza walitoa ripoti ya vitabu kumi na viwili, yenye mapendekezo mia tatu juu ya umuhimu wa kusema kwa ufupi.

Ndivyo ilivyozaliwa lugha ya Kichache.

Misingi ya Kichache ni rahisi, na kijitabu chake kiligawiwa nyumba kwa nyumba. Maneno ni mia moja na ishirini. Kila neno lilikatwa kichwa na mkia kama kuku wa sikukuu. Jana haipo na kesho haipo. Hesabu ni moja, mbili, nyingi. Rangi ni tatu: nyeupe, nyeusi, na ile ya chama. Kitu ama ni "zuri" ama ni "si zuri", na katikati hapana mahali pa kusimama. Maneno mengine yote yaliyokutwa katika yale madaftari yalifutwa, na kila lililofutwa likafunguliwa jalada lake, likawekwa kabatini na kufungiwa kwa kufuli.

Faida zilionekana upesi. Neno "njaa" lilifutwa siku ya Alhamisi, na kufikia Ijumaa hakuna mtu aliyeripoti njaa. Hospitalini mgonjwa alisema "Mwili si zuri", akapewa kidonge cheupe, na Wizara ya Afya ikatangaza kwamba magonjwa ya nchi yamepungua kutoka elfu kadhaa hadi moja. Uchaguzi ulifanyika, na matokeo yalitangazwa kwa neno moja: "Nyingi." Redio ilikuwa ikisoma habari kwa dakika thelathini, sasa ilisema, "Mlezi zuri. Maji nyingi. Mtu nyingi cheka," kisha ikapiga muziki.

Watumishi wa serikali walipewa posho ya maneno kulingana na daraja. Karani wa daraja la nne alikuwa na mia nne, katibu elfu tatu, waziri bila kikomo, kwa kuwa kazi ya waziri ni kueleza. Mwananchi wa kawaida aliyepatwa na jambo zito aliweza kuomba kibali cha neno lililofutwa. Mjane alipewa "pole" kwa siku tatu, akaitumia na waombolezaji wake, kisha akairudisha dirishani ikiwa safi. Mtukufu Mlezi mwenyewe alisimama uwanjani, akakataa posho yake yote mbele ya umati, akasema kuanzia siku hiyo naye atakuwa na maneno mia na ishirini kama mvuta mkokoteni. Watu walilia. Walikuwa na neno la kulia.

Jambo moja zaidi, kisha nitaendelea. Kwa kuwa Kichache kilikuwa kigeni, ilitungwa kanuni kwamba barua yoyote itakayoandikwa kwa mkono wa Mtukufu na kupewa namba ya masjala itakuwa Barua ya Mfano. Nakala zake zitapelekwa kila ofisi, kila shule, kila gereza, na redioni. Jambo lolote lililosemwa humo, mwananchi anaweza kulisema vivyo hivyo, na afisa hana ruhusa ya kulikataa. Ilikuwa kanuni nzuri, ila haikuwahi kutumika. Mtukufu alikuwa na mihuri ya mpira kwa kila haja, na hakuwa ameshika kalamu kwa miaka kumi na tisa.

*

Sudi Mbaruku alikamatwa kwenye foleni ya unga.

Alikuwa amepanga foleni siku tano. Siku ya tano muuza duka alichungulia dirishani, akasema, "Unga si hapa," akafunga. Sudi alikuwa na pumu, na mtu mwenye pumu hapotezi pumzi kwa mambo madogo. Alivuta hewa, akasema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa ya foleni, "Jana mliahidi leo!"

Maneno matatu, na yote hayamo. Askari wa Ulimi, walinzi wa Kichache, walikuwa wawili kwenye foleni ile ile, nao wakisubiri unga. Walimshika huku wakimwomba mama mmoja awashikie nafasi.

Hakimu hakuwa mtu mkali. Alisema Sudi atafungwa mpaka aombe radhi kwa Kichache, na akishaomba aende zake. Siku tisini zikipita hajaomba, atapandishwa lori la machimbo ya chokaa. Watu mahakamani walipumua kwa nafuu, maana kuomba radhi ni kazi ya nusu dakika.

Siku ya sitini na nane mke wa Sudi, Bi Hidaya, alikwenda nyumbani kwa Mwinchumu, akamkuta ameshatoa kinu uani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nchi siku zile. Aliyetaka kusema lugha ya zamani alitwanga, ili Askari wa Ulimi wasisikie nje ya ukuta. Vinu vilidunda mji mzima tangu asubuhi, vingi vikiwa vitupu, na Wizara ya Kilimo iliandika kwamba mavuno ya nafaka yameongezeka maradufu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Twanga kwanza."

Bi Hidaya akashika mchi, akatwanga. "Zimebaki siku ishirini na mbili. Nilimpelekea uji, nikamkuta anapumua kama ile pampu yake mbovu. Kwenye vumbi la chokaa hamalizi wiki, Mwinchumu. Hamalizi."

"Kwani hajaomba radhi?"

"Kila asubuhi anaomba! Wanamtoa, wanamuuliza ana la kusema. Anasema, mimi samahani. Wanamwambia neno hilo halimo, wanamwandikia kosa jipya. Sasa ana makosa sitini na sita, yote ya kuomba samahani."

"Angesema, mimi fanya si zuri."

"Nilimwambia. Akasema. Wakaandika kwamba amekiri." Mchi ulishuka kwa nguvu. "Mkuu wa gereza anasema kukiri ni kitu kimoja na kuomba radhi ni kingine. Kuomba radhi lazima kuwe na mfano wake uliokubaliwa, na mfano haupo. Hapokei kitu kisicho na mfano."

Bi Hidaya akaacha kutwanga, kisha akakumbuka, akaanza tena.

"Miaka kumi na mmoja," alisema, "nimekula chakula cha jioni peke yangu. Nauliza mume wangu yuko wapi, naambiwa yuko na Mwinchumu, wanasoma. Mvua inanyesha, wanasoma. Mtoto ana homa, wanasoma. Basi leo nataka kukiona hicho kisomo. Mtoe kwa hicho kisomo chenu."

"Lete mchi," Mwinchumu akasema, "umechoka."

*

Wizara ya Maneno ilikuwa na ghorofa sita. Ukumbi wa chini ulikuwa na ukuta wa maneno yote mia na ishirini, kila moja na kibao cha shaba chenye jina la mlezi wake: "kula" lililelewa na Waziri wa Kilimo, "ruka" na Waziri wa Michezo, "cheka" na mke wa Mkuu wa Polisi. Dirishani alikaa karani wa daraja la nne, Bwana Lwimbo. Mwaka ule alikuwa amepandishwa cheo na kuongezewa "kwa hakika", "hata hivyo" na "vilevile", na aliona vibaya yakae bure.

Mwinchumu alimpitishia karatasi yenye neno moja. Lwimbo akaingia ndani, akakaa humo kitambo, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Kwa hakika, mzee, silioni."

"Taka kibali," alisema Mwinchumu kwa Kichache, maana hakuwa na lingine.

"Kibali ni cha neno lililofutwa. Hili hata hivyo halikufutwa. Lingefutwa lingekuwa na jalada. Vilevile halimo ukutani."

Mwinchumu akanyoosha mikono miwili, kama mtu anayeuliza: basi liko wapi?

Lwimbo akatazama huku na huku, akainama karibu na tundu la dirisha. Alikuwa mtu wa huruma. "Mzee, nimefungua yale madaftari. Yote tisini na tisa. Wakubwa wale waliandika kila neno walilolisema kazini kwa miaka saba. Hili hakuna aliyelisema. Hata mmoja. Hata kwa kukanyagana kwenye ngazi." Akajikohoza, akarudisha sauti ya kiofisi. "Kwa hakika, basi, halijatokea."

Kuliingiza jipya kulihitaji moja la ukutani litoke, maana mia na ishirini ilikuwa imeandikwa katika Katiba. Mwinchumu akarudi kwenye meza yake ya posta, akaandika barua kumi na moja kwa walezi kumi na mmoja wa maneno. Kwa Kichache barua zote zilitoka sawa: "Wewe zuri. Mimi taka neno." Majibu kumi na moja nayo yalitoka sawa: "Wewe zuri. Neno si toa." Ila mke wa Mkuu wa Polisi aliongeza, "Cheka."

Siku zikabaki kumi na mbili. Mwinchumu akaenda kukaa mlangoni kwa Waziri Kisamfu, kwa siku tatu, mpaka Waziri akachoka kumruka.

"Ndugu mwananchi," alisema Daktari Kisamfu, akisimama ingawa walikuwa wawili tu chumbani. "Wizara yangu, kwa kuzingatia, kwa kutambua na kwa kuthamini umuhimu mkubwa, wa pekee na usiokadirika wa ufupi, uchache na ubanifu wa usemi katika ustawi, maendeleo na mustakabali wa taifa letu changa, tulivu na teule, imeazimia, imedhamiria na imejizatiti kuhakikisha ya kwamba…"

Saa moja na nusu ilipita. Chai ya Waziri iliingia mara mbili, ikatoka mara mbili. Mwishowe alijipangusa jasho, akaketi, akauliza, "Sasa neno lenyewe ni la kazi gani?"

Mwinchumu alijigonga kifuani kwa ngumi. "Mimi fanya si zuri," alisema. Kisha akamwelekezea Waziri kiganja wazi. "Mimi ambia wewe."

Waziri alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijaona hali kama hiyo," alisema, "katika miaka yangu yote serikalini."

Lakini ili asimkute tena mlangoni, aliagiza lifunguliwe jalada. Karani akaandika juu yake: "KITWANA, M., MSUMBUFU. KUHUSU: SAMAHANI." Likawekwa kabatini. Mwinchumu akatoka mikono mitupu, na siku tisa mkononi.

*

Wakati huohuo, jambo dogo lilikuwa limetokea Ikulu.

Mtukufu Mlezi aliwaandalia wageni chakula, na mkewe, Mama Arafa, alipika pilau kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyozoea. Mtukufu akaonja. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo, kiasi cha ncha ya kidole. Zamani angemwinamia mkewe na kumnong'oneza, "Mke wangu, chumvi imejificha." Lakini "chumvi" haimo, "kidogo" haimo, na kunong'ona hakufai mbele ya mabalozi. Mtukufu akatazama sahani, akatazama wageni, akasema:

"Chakula si zuri."

Mama Arafa aliweka mwiko mezani, akavua aproni, akaenda kwa mama yake. Alimwachia mlinzi wa geti ujumbe: atarudi siku atakapoombwa radhi, kwa maandishi, kwa lugha ile ile aliyotukaniwa pilau.

Sikukuu ya Taifa ilikuwa imekaribia. Mama Arafa ndiye aliyepaswa kusimama jukwaani kando ya Mtukufu na kupunga kitambaa, na mabango yenye picha yao wawili yalikuwa yameshabandikwa. Katibu wa Ikulu, Bwana Ngwatu, alipiga simu Wizara ya Maneno akauliza nani katika nchi nzima ana ujuzi wa kuomba radhi. Wizara ilitafuta katika kabati zote. Ilipata jalada moja.

Gari la mapazia lilisimama mbele ya baraza ya posta saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi. Lori la machimbo lilikuwa liondoke Jumatatu. Mwinchumu alidhani amekamatwa, akamkabidhi muuza stempu debe lake.

Badala yake alifikishwa Ikulu, akamkuta Mtukufu amekaa mwisho wa meza ndefu, amevaa malapa, mbele yake kipande cha mkate na maharage yaliyopoa. Ngwatu alimgongea Mwinchumu muhuri kwenye karatasi ndogo: maneno yote, saa moja. Mwinchumu akaisoma mara mbili, akajisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana.

"Kaa," alisema Mtukufu. "Mke enda. Siku nyingi." Alionyesha vidole tisa. "Nyumba baridi. Chai si zuri."

"Pole sana, Mtukufu," alisema Mwinchumu, na lile "pole" lilimtoka tamu mpaka Ngwatu akageuza uso. "Nimeandika barua za waume wengi. Samahani kwa nje ni neno moja, lakini kwa ndani ni nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha kwanza: nimekosa. Cha pili: wewe hukustahili. Cha tatu: nataka turudi tulivyokuwa. Ukiruka chumba kimoja, mke hafungui mlango."

"Kwa Kichache, mzee, kwa Kichache," Ngwatu alihimiza, kalamu tayari.

"Mimi fanya si zuri. Wewe zuri. Mimi taka wewe karibu."

Ngwatu alikuwa ameshaandika "Mimi fanya", kalamu ikamdondoka kama imemuunguza. "Mzee! Unajua unachonipa? Sheria ya Heshima, kifungu cha saba! Atakayeandika, atakayepiga chapa au atakayetunga 'si zuri' katika ukurasa mmoja na Mtukufu, machimboni maisha!"

"Naijua, mwanangu. Nimetunga kwa kibali cha maneno yote, na hapa hapana ukurasa. Lakini kuandika siwezi. Nawe huwezi. Mpiga chapa hawezi. Waziri hawezi."

"Basi ataandika nani?"

Kalamu ilikuwa imebingirika mezani, ikakoma mbele ya sahani ya maharage. Wote watatu waliitazama.

Mtukufu aliishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa wenyewe. Akavuta karatasi. Akaandika herufi moja, akapumzika. Kisha akainua kichwa, uso umechangamka.

"'Mtu fanya si zuri'?"

"Hapana, Mtukufu."

"'Sisi fanya si zuri'?" Ngwatu alisaidia, kwa sauti ndogo. "Inagawanyika vizuri, mzee. Watu milioni nane."

"Mama Arafa hakuolewa na watu milioni nane," alisema Mwinchumu. "Wala hakuolewa na mtu. Aliolewa na wewe, Mtukufu."

Mtukufu alitazama kiti kilichokuwa tupu upande wa pili wa meza. Akainama, akaandika. Alichana karatasi mbili, ya tatu akaimaliza, akatia sahihi, akaisogeza mbele. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili, mkubwa na wa dhati, nao ulipanda kidogo kuelekea kulia.

"Tuma," alisema.

Mwinchumu aliinua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu kama afanyavyo fundi. "Haina 'Kuhusu'," alisema. "Na haina namba."

"Barua ya kwenda kwa mke ina haja gani ya namba?" Ngwatu alidakia.

"Kanuni za masjala, fungu la tano. Barua ya Ikulu isiyo na namba haijaandikwa." Mwinchumu alimgeukia Mtukufu. "Mama Arafa alikuwa karani wa masjala kabla hujamwoa, Mtukufu. Ataitafuta namba kwanza, ndipo asome."

"Namba," alisema Mtukufu.

Ngwatu akapauka. Alikuwa na maneno elfu tatu na yote yalimjia kwa pamoja. "Mtukufu, ikipewa namba inakuwa Barua ya Mfano! Nakala kila ofisi! Watoto wa shule watainakili ubaoni, redio itaisoma saa saba, magereza yataibandika ukutani! Nchi nzima itasema Mtukufu ame… Mtukufu ali…" Akashindwa kumaliza, kwa sababu ya kifungu cha saba.

Mtukufu alimsikiliza mpaka mwisho. "Mke pata barua?"

"Atapata, Mtukufu, lakini…"

"Mke rudi?"

Ngwatu alimtazama Mwinchumu. Mwinchumu alipiga hesabu ya dakika zilizobaki kwenye kibali chake, akaona zinatosha kwa ukweli.

"Ulimwambia chakula chake si kizuri mbele ya watu, Mtukufu. Ukimwomba radhi sirini, atakujibu sirini kwamba harudi. Barua ninazozijua zilizorudisha wake ni zile zilizosikiwa na wale wale waliosikia tusi." Akaiweka karatasi mezani. "Na sitakuficha. Nina rafiki gerezani. Amekosa mfano tu. Barua hii ikifika kule, atasema ulivyosema wewe, atatoka kabla ya lori la Jumatatu. Nimekuja kwa ajili yako kwa sababu umeniita. Lakini nimehangaika siku ishirini kwa ajili yake."

Mbali, nyuma ya ukuta wa Ikulu, vinu vilikuwa vikidunda.

Mtukufu aliuma mkate, akatafuna taratibu, akameza.

"Mtu nyingi taka sema hii?" aliuliza, akigusa karatasi.

"Wanataka sana, Mtukufu. Nao wanataka kuisikia. Wamengoja muda."

Mtukufu Mlezi akasukuma sahani ya maharage kando.

"Tuma," alisema. "Nyingi."

*

Masjala ya Ikulu ilikuwa chumba chenye dirisha moja na jiko la mafuta la kuyeyushia lakiri. Ngwatu aliandika juu ya barua: "KUHUSU: KUOMBA RADHI", kwa kuwa maneno hayo aliruhusiwa, akaipa namba moja. Nakala zilitolewa kwa mashine, ili asiwepo mtu wa kuambiwa kaziandika. Ya kwanza iliwekwa katika bahasha ya Mama Arafa. Ya pili Mwinchumu aliomba bahasha yake aiandike mwenyewe.

"Nina mwandiko mzuri," alisema.

"Andika, mzee," alisema Ngwatu. "Wewe ndiye umetufikisha hapa." Kisha, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa, alisogea karibu, akashusha sauti. "Nikisema maneno haya kwa mke wangu… huwa ni vyumba vitatu vilevile?"

"Vilevile, mwanangu. Usiruke hata kimoja."

Mwinchumu akaandika jina la gereza kwa herufi za kulala alizofundishwa jioni moja ya mvua, Sudi akimshikia taa. Akaikunja nakala mara tatu, akaitia ndani, akaulamba ulimi wa bahasha pale ambapo hana meno, akaubana kwa kiganja. Ngwatu akadondosha lakiri nyekundu, akagandamiza muhuri wa taifa mpaka ukatoa mlio.

Tarishi alikuwa akingoja uani na baiskeli yake. Mnyororo wake ulikuwa ukitoka kila hatua mia, tangu fundi wake akamatwe kwenye foleni ya unga. Alipokea bahasha, akasoma inakokwenda, akamtazama Mwinchumu, akaelewa. Hakuwa na maneno mengi, lakini yalimtosha.

"Sudi toka, baiskeli zuri," alisema.

Akaichomeka barua kifuani ndani ya shati, akarudisha mnyororo mahali pake, akapanda, akatoka getini akikanyaga kwa nguvu.